Mraba mwekundu wa Etel Adnan na riwaya ya Marie Rose: ni mkono mmoja?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma ualimu wa sanaa, mwaka wa 2. Nimekutana mtandaoni na picha za huyu mama wa Lebanon, Etel Adnan, mraba mwekundu, mlima, bahari, basi. Alafu nikasikia huyohuyo ndo aliyeandika riwaya ya Sitt Marie Rose, ya mwanamke anayeuawa vitani. Sielewi vinakaaje pamoja, huku anachora raha, kule anaandika mauaji. Na mbona anaitwa mwandishi wa Kiarabu wakati vitabu vyake ni vya Kifaransa na Kiingereza?"

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali mawili lakini kwangu mimi ni swali moja, na ukishalijua la pili la kwanza linakaa sawa lenyewe, kwaiyo naanza na la lugha.

Etel alizaliwa Beirut tarehe 24 Februari 1925. Mama yake Mgiriki, Mkristo, mwenyeji wa Smyrna, mji ambao leo tunauita Izmir kule Uturuki. Baba yake Mwislamu, mzaliwa wa Damascus, ofisa mkubwa wa jeshi la Dola ya Uthmaniya, tena alisoma chuo cha kijeshi pamoja na Mustafa Kemal, yule aliyekuja kuitwa Atatürk. Alipomuoa huyu mama alikuwa tayari ana mke na watoto Damascus. Vita vya kwanza vya dunia vikaisha, dola ikavunjika, Smyrna ikaungua mwaka 1922, na wao wakajikuta Beirut, chini ya utawala wa Wafaransa. Hebu ione hiyo nyumba: baba ni ofisa ambaye jeshi lake halipo tena, mama ni mtu ambaye mji wake umeteketea, na katikati yao kuna mtoto mmoja tu. Ndani wanaongea Kituruki na Kigiriki. Ukifungua mlango, mtaa mzima ni Kiarabu. Shuleni kwa masista ni Kifaransa, na ukikamatwa unaongea Kiarabu unaadhibiwa.

Hilo la mwisho sidhani kama nahitaji kukueleza sana, Kenya watoto walivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani, Ngũgĩ wa Thiong'o kaliandika vizuri kabisa. Ila kwa Etel kuna jambo limezidi. Mtoto wa Kikuyu akitoka shule na kibao chake anarudi kwa mama anayemsemesha Kikuyu. Etel akitoka shule anarudi kwenye Kigiriki. Kiarabu kilikuwa lugha ya nchi aliyozaliwa, ya muuza mboga, ya watoto wenzake wa jirani, na shule ilipomfungia mlango huo hakukuwa na mlango mwingine wa kuingilia.

Isipokuwa baba alijaribu. Alikuwa na kitabu cha sarufi ya Kiarabu kilichoelezwa kwa Kituruki, akawa anamkalisha mtoto anamwambia nakili. Ye anakaa anainakili kurasa baada ya kurasa, herufi moja moja, mkono unakwenda kulia kwenda kushoto, na anachokiandika hakielewi. Na alikuja kusema ukubwani kwamba alikipenda kile kitendo, kuandika kitu asichokijua maana. Mimi nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilisimama, manake nimepita chuoni kwa mwalimu wangu wa Kurani na najua kabisa ile hali, unaandika "lamu" na mkia wake unaupinda vizuri, moyo unatulia, na maana bado hujafundishwa. Ile herufi inakuwa mchoro kabla haijawa neno. Shika hapo, tutarudi.

Alisoma Beirut, akapata skolashipu mwaka 1949 kwenda Sorbonne, Paris, kusoma falsafa, alafu Januari 1955 akavuka kwenda Marekani, Berkeley na Harvard, falsafa hiyohiyo. Kuanzia 1958 mpaka 1972 alifundisha falsafa ya sanaa kwenye chuo cha Dominican, San Rafael, California, ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitokea San Francisco. Mpaka hapo ni mwalimu anayeandika mashairi kwa Kifaransa, na hajashika rangi.

Sasa vita vya Algeria vinaendelea miaka hiyohiyo. Wafaransa wanapigana na watu wa Algeria wanaodai uhuru wao, na Etel kila akishika kalamu lugha inayomjia ni Kifaransa. Ikamshinda. Aliona hawezi kuendelea kuandika kwa lugha ya watu wanaofanya vile, wakati huohuo Kiarabu cha kuandikia vitabu hana, anacho cha mtaani tu. Yaani mshairi ambaye hana lugha ya kuandikia! Na hapohapo chuoni palikuwa na mwalimu mkuu wa idara ya sanaa, Ann O'Hanlon, akamuuliza swali la kawaida tu: unawezaje kufundisha falsafa ya sanaa na wewe huchori? Etel akamjibu kwamba mama yake alimwambia toka utotoni kuwa mikono yake mizito, haifai kwa kazi za mikono. O'Hanlon akamuuliza, na wewe ukamwamini? Akampa vipande vya turubai na rangi, akaanza.

Baadaye akaja kuandika kwamba hakuwa na haja tena ya kuandika Kifaransa, atachora kwa Kiarabu. Isome tena hiyo kauli taratibu mwanangu, atachora kwa Kiarabu. Watu wengi wanaipitia kama maneno mazuri ya msanii, mimi nasema aliimaanisha neno kwa neno. Rangi haikumwadhibu shuleni, nyekundu haina bendera inayopiga watu mabomu Algiers. Alipata lugha ambayo hakuna mtu angemuuliza umeijulia wapi.

Tuangalie mkono wake unavyofanya kazi, kwa sababu wewe ni mwalimu wa sanaa na hili utalihitaji. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya turubai lililotundikwa. Alikaa mezani, turubai limelala chali mbele yake kama mtu anayeandika barua, na turubai zenyewe ni ndogo, nyingi unaweza ukabeba kwapani. Rangi ya mafuta anaikamua toka kwenye tyubu moja kwa moja, brashi hatumii sana, anatumia kisu cha rangi, kile chembamba kinachopinda, ukikitazama ni kama kijimwiko cha fundi mwashi. Anaburuza rangi mara moja, kipande cha njano kimekaa, pembeni yake kipande cha kijani, hazichanganywi zikawa matope, kila moja inabaki na mpaka wake, na ukisogea karibu unaona ule ukingo mdogo ulioinuka pale kisu kilipoishia. Na anamaliza kwa mkao mmoja, harudii kesho kurekebisha. Ule mraba mwekundu uliouona mara nyingi ndo ulikuwa mwanzo wake, anauweka kwanza, alafu vingine vinakuja kuuzunguka. Watu wanauona ni jua, na mara nyingi ni jua kweli.

Na kuna kazi yake nyingine ambayo picha zake hazisambai sana mtandaoni, na kwangu mimi ndo ufunguo wa yote. Miaka ya 60 pale San Francisco alikutana na vile vitabu vya Kijapani vinavyokunjwa kama kodiani, ukikivuta kinafunguka meta kadhaa. Akaanza kunakili humo mashairi ya Waarabu wa zama zake, mfano Badr Shakir al-Sayyab wa Iraq, kwa mkono wake mwenyewe, na katikati ya mistari anaweka rangi ya maji, wino, alama. Hati yake si khati ya mafundi, mtu aliyezoea khati nzuri ya msikitini ataiona mara moja kwamba inayumba, herufi nyingine kubwa nyingine ndogo. Ni ule mkono wa mtoto aliyekalishwa na baba yake. Yule aliyekuwa ananakili sarufi asiyoielewa kafika miaka 40, yuko Marekani, bado ananakili, na safari hii kapata njia ya kukaa ndani ya Kiarabu bila kumwomba mtu ruhusa. Kwaiyo ukiuliza mbona anaitwa Mwarabu na Kiarabu hakuandika, mimi nakwambia alikiandika, miaka na miaka, ila si kwa njia ya kutunga sentensi.

Kiingereza nacho kilimjia kwa vita. Vita vya Vietnam vilipopamba moto washairi wa Marekani wakaungana kuvipinga, akaandika nao, kwa Kiingereza. Yaani lugha moja vita vilimtoa, nyingine vita vilimwingiza.

Sasa twende kwenye hiyo riwaya. Mwaka 1972 alirudi Beirut, akawa mhariri wa kurasa za utamaduni kwenye magazeti ya Kifaransa, kwanza Al-Safa kisha L'Orient-Le Jour, na ndo wakati alipokutana na Simone Fattal, msanii mzaliwa wa Damascus, ambaye waliishi pamoja mpaka mwisho wa maisha yake. Aprili 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka. Mwaka 1976 mwanamke mmoja, Marie Rose Boulos, Mkristo mwenye asili ya Syria, mtu wa kazi za jamii aliyewasaidia Wapalestina, alitekwa na wanamgambo wa Kikristo, watu wa dini yake, wakamuua. Etel aliondoka Beirut akaenda Paris, na huko ndo akaandika Sitt Marie Rose, kwa Kifaransa, ikatoka mwishoni mwa miaka ya 70. (Hiyo "Sitt" isikutatize, ni ileile "Siti" unayoijua kwenye jina la Siti binti Saad, maana yake bibi, mama wa heshima.)

Riwaya ni fupi, mtu anaimaliza kwa siku moja, ila usiisome kwa haraka. Sehemu ya kwanza vita bado. Kuna Mounir, kijana wa familia yenye uwezo, anataka kutengeneza filamu kuhusu vibarua wa Kisyria wanaokuja Lebanon, na anamwomba msimuliaji, mwanamke, amwandikie. Mounir na rafiki zake wanawaonyesha wageni filamu ndogo waliyojipiga wenyewe wakiwinda ndege jangwani, ndege wanaanguka, wenyewe wanajisifu, na wanawake wamekaa sebuleni wanatazama. Msomaji unaona ni mambo ya vijana wenye hela tu. Alafu sehemu ya pili inaanza, vita vimeingia, na waliomteka Marie Rose ni Mounir huyohuyo, na Tony, na Fouad, wawindaji walewale wa ndege. Hakuna anayekuambia "tazama, sasa wanawinda watu", unaligundua mwenyewe na mwili unakusisimka.

Marie Rose wa riwaya ni mwalimu wa watoto viziwi. Wanamhoji darasani kwake, watoto wake wakiwa mulemule, wanaona kila kitu na hawasikii neno. Sehemu hiyo imegawanywa mara 3, na kila mara wanasema watu 7 kwa mpangilio uleule: watoto, Marie Rose, Mounir, Tony, Fouad, padri Bouna Lias, na mwisho msimuliaji. Mounir aliwahi kumpenda huyu mwanamke alipokuwa binti wa miaka 16. Padri anataka atubu. Fouad anataka kuua tu. Na wanaoanza daima ni watoto, wale wasiosikia wala kusema, ambao hesabu yao ya vita ni mtikisiko wa sakafu. Mwishoni kabisa mabomu yanaanguka na watoto wanacheza, wanacheza kufuata mtetemo unaopanda toka ardhini kuingia miguuni. Nimeisoma hiyo riwaya zaidi ya mara 4 na ukurasa ule bado siwezi kuusoma kwa sauti mbele ya wanafunzi.

Sasa jiulize, nani angewaza kumpa kiziwi nafasi ya kwanza kusema katika riwaya? Ni mtu aliyekulia anaona lugha inapita mbele yake na haruhusiwi kuingia. Ni mchoraji pia, mtu anayejua kwamba jicho linaona kabla mdomo haujapata neno. Ile riwaya haiwezi kuandikwa na mwandishi ambaye ni mwandishi tu. Ilishinda tuzo ya urafiki wa Ufaransa na nchi za Kiarabu, ikatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 10, na Kiingereza chake kilitoka 1982 kwa Post-Apollo Press, shirika la uchapishaji ambalo Simone Fattal mwenyewe alilianzisha kule Sausalito, California.

Utaniuliza, si alishakikataa Kifaransa? Ndiyo, na akakirudia. Mimi sioni kama alijipinga. Wakati wa Algeria Kifaransa kilikuwa mkononi mwa anayeua. Beirut ya 1976 wauaji wanaongea Kiarabu na Kifaransa vyote viwili, hakuna lugha iliyobaki safi ya kukimbilia, kwaiyo akachukua ile aliyokuwa nayo karibu akaifanyia kazi. Hilo ni neno langu, wengine wanalisoma vingine.

Tunafika kwenye jua lako. Unasema anachora raha. Mwanzoni mwa 1975, kabla vita havijaanza, alianza kuandika shairi kuhusu jua. Vita vikamkuta kalamu mkononi, shairi likageuka likawa L'Apocalypse arabe, yaani Kiama cha Kiarabu, lilichapwa 1980, na 1989 akalitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Ni vipande 59, na vinahusishwa na siku za kuzingirwa kwa kambi ya Wapalestina ya Tel al-Zaatar, iliyoanguka Agosti 1976. Ukilifungua, mistari ya kwanza ni majua tu, jua la njano, jua la kijani, jua jekundu, jua la bluu, rangi zilezile ungezikuta mezani kwake. Ila humu jua linaua, linavuja, linapiga kelele. Na pale maneno yanapomshinda, katikati ya mstari kabisa, anachora: mshale, duara, mkwaruzo, alama isiyosomeka. Mwenye kutamka shairi hilo kwa sauti anafika pale ananyamaza, hana la kutamka. Ndo maana nakwambia swali lako la "vinakaaje pamoja" yeye alishalijibu kwenye ukurasa, mchoro umekaa ndani ya sentensi.

Kwaiyo ule mraba mwekundu usiuite raha. Mimi nauita uangalifu. Ni mtu anayelijua jua linaweza kuwa nini na bado anakaa mezani kulitazama tena asubuhi inayofuata, bila kulidanganyia. Na mlima ni hivohivo. Mlima unaouona ni Tamalpais, upo karibu na Sausalito alikokuwa akiishi, si mrefu, kama meta 784 tu, sisi tuliozoea Kilimanjaro tungeuita kilima. Lakini kauchora mara nyingi ajabu, wa zambarau, wa kijani, wa waridi, na kauandikia kitabu kizima, Journey to Mount Tamalpais, cha 1986. Uzeeni alipokuwa Paris na mlima hauoni tena aliendelea kuuchora kwa kumbukumbu. Mtu ambaye hakuwahi kuwa na lugha moja ya nyumbani alipata mlima mmoja wa kuurudia.

Umaarufu wa uchoraji ulimkuta mzee. Alikuwa akionyesha kazi tangu miaka ya 60, lakini dunia ya sanaa ilimgeukia baada ya maonyesho makubwa ya Documenta kule Kassel, Ujerumani, mwaka 2012, akiwa na miaka 87. Baada ya hapo ikawa mfululizo, Doha 2014, London 2016, na jumba la makumbusho la Guggenheim, New York, mwaka 2021. Mwaka 2020 tafsiri ya mashairi yake, Time, iliyofanywa na Sarah Riggs, ilipata tuzo ya Griffin ya Canada. Alifariki Paris tarehe 14 Novemba 2021, maonyesho ya Guggenheim yakiwa bado yako wazi, umri miaka 96. Mi inaniuma kidogo watu wanavyoisimulia hiyo habari kama "bibi aliyegunduliwa", manake waliosoma fasihi ya Kiarabu walikuwa wakimjua miaka 35 kabla ya hapo.

Kwa kuwa utakuwa mwalimu, chukua hili darasani. Kata karatasi ndefu, gundisha vipande mpaka vifike meta 2, uikunje kama kodiani. Kila mwanafunzi anakili shairi kwa lugha ambayo anaweza kuifuatisha kwa mkono lakini haielewi vizuri, Kiarabu kwa waliopita chuoni, au lugha ya babu na bibi ambayo hawakufundishwa nyumbani. Wasirembeshe hati. Pale watakapokwama waache kuandika, waweke rangi, alafu waendelee. Usiwape alama siku hiyo. Waulize tu mkono ulijisikiaje pale pa kukwama, kisha wafungulie picha ya ule mraba mwekundu, na jioni wewe mwenyewe uanze kusoma Sitt Marie Rose, ile sura ya kwanza ya watoto kwenye sehemu ya pili. Ukifika kwenye ngoma ya mwisho niandikie, nitapenda kusikia umeionaje.